Msikiti wa Pwani: Jinsi Ulivyojengwa na Kazi Yake Katika Mji

Katika mji wa Mombasa na vitongoji vyake vya upande wa bara, yaani Likoni, Changamwe na Kisauni, ni shida kuona mtaa usio na msikiti. Mtu ashikaye njia ya Malindi kutoka Daraja la Nyali, akapita Kongowea na Bombolulu, huiona misikiti pande zote mbili za barabara, mikubwa na midogo, mingine ya ghorofa na mingine iliyoezekwa mabati tu. Wengi wapitao hapo, hasa wale waliotoka bara kuja pwani kutafuta kazi, hawajui kwa nini nyumba hizo zimejengwa jinsi zilivyo, wala hawajui kwamba msikiti una kazi nyingi zaidi ya sala. Makala haya yaeleza mambo hayo mawili. Tena yaeleza jambo la tatu, nalo ni mali inayoutunza msikiti, na jinsi mali hiyo inavyoweza kupotea watu wasipoangalia.

ASILI YA MSIKITI

Neno msikiti limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mahali pa kusujudia. Dini ya Kiislamu haidai jengo kubwa. Yatakiwa mahali safi, na watu wajue upande uliko mji wa Makka, ili wasali wakiuelekea. Kwa hiyo msikiti wa kwanza wa mji aghalabu huwa kibanda cha miti, na watu wakizidi kuwa wengi na kupata mali, hukivunja wakajenga cha mawe mahali pale pale.

Jambo hili lilithibitika katika miaka ya 1980, wataalamu wa mambo ya kale walipochimba katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe walikuta alama za misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja juu ya mwingine. Ule wa chini kabisa ulikuwa mdogo, wa miti, nao ni wa mwishoni mwa karne ya 8. Basi watu wa pwani wamekuwa wakijenga misikiti kwa muda wa zaidi ya miaka 1,200. Huko Kizimkazi, Unguja, upo msikiti wenye maandishi yaliyochongwa ukutani yakitaja mwaka 500 wa Hijra, ambao ni mwaka 1107.

Mwaka 1331 alifika pwani hii msafiri mashuhuri wa Afrika ya Kaskazini, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko. Alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akaendelea na safari yake hadi Kilwa. Mtu huyu alikwisha kuiona misikiti mikubwa ya kwao, ya Misri na ya Sham, lakini hakuidharau ya Mombasa. Aliandika kwamba watu wa mji ni wacha Mungu, na kwamba misikiti yao ni ya mbao, tena imejengwa kwa uimara. Jambo lililomvutia zaidi lilikuwa maji. Aliona kwamba kwenye mlango wa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, si vya kina kirefu, na watu huteka maji kwa kata ya mti yenye mpini. Ardhi ya hapo imesawazishwa, na mlangoni pana jamvi zito. Mtu huosha miguu yake, akaipangusa kwenye jamvi hilo, ndipo aingie. Hata leo mpango huo unajulikana katika misikiti ya pwani, ijapokuwa mahali pengi bomba limechukua nafasi ya kata.

KIBLA KIKO KASKAZINI

Upande wa kuelekea Makka huitwa kibla. Msomaji akitazama ramani ataona kwamba mji wa Makka uko kaskazini ya Mombasa, karibu sawasawa kabisa, kana kwamba mstari ulipigwa kwa rula kupita Kenya, Uhabeshi na Bahari ya Sham. Kwa sababu hii ukuta wa mbele wa msikiti wa Mombasa huwa wa kaskazini. Huko Tunisia na Moroko mambo ni mengine, maana Makka iko mashariki yao, au kusini-mashariki.

Misikiti ya kale ya pwani huwa mirefu kutoka kusini kwenda kaskazini, nayo si mipana. Milango yake mikubwa imewekwa ubavuni, mashariki na magharibi, ili mtu anayechelewa asipite mbele ya wenzake wanaosali. Katikati ya ukuta wa kaskazini pana kishubaka kikubwa chenye tao, nacho ndicho mihrabu, mahali asimamapo imamu. Mara nyingi mihrabu hutokeza nje ya ukuta, hata mtu aliye barabarani huweza kuitambua. Mafundi wa zamani waliipamba kuliko sehemu nyingine zote. Huko Gedi, karibu na Malindi, mihrabu ya Msikiti Mkuu ilitiwa bakuli za kauri zilizoletwa na biashara ya ng'ambo. Kando ya mihrabu hukaa mimbari yenye madaraja, ambapo khatibu hupanda siku ya Ijumaa kutoa hotuba.

MAWE, CHOKAA NA BORITI

Mafundi wa pwani walijenga kwa vitu vilivyotoka baharini na ufukweni. Mawe ya kuta yalikuwa ya mwamba wa matumbawe, uliochimbwa nchi kavu. Kwa nakshi, matao na mihrabu walikata matumbawe mabichi chini ya maji. Jiwe hili likiwa bichi ni laini, hukatika kwa shoka, nalo likikauka huwa gumu. Basi fundi alipaswa kulichonga mapema.

Chokaa pia ilitoka katika matumbawe. Magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikawekwa juu, na lote likachomwa. Kilichobaki kilimwagiwa maji, kikaachwa muda mrefu kabla ya kutumika. Chokaa ya namna hii hukauka polepole, lakini huruhusu ukuta kupumua, yaani unyevu uliomo ndani hupata njia ya kutoka.

Dari ilishikwa na boriti za mikoko. Miti ya mikoko ni migumu na mchwa hawaipendi, ndiyo maana majahazi yaliichukua mpaka Arabuni na Ghuba ya Ajemi. Lakini boriti moja haiwezi kuvuka nafasi kubwa, kwa kawaida ni kadiri ya meta mbili na nusu au tatu tu. Juu yake hupangwa mawe na kumwagwa chokaa, na mzigo huo ni mzito mno. Fundi akitaka ukumbi mpana hana budi kusimamisha nguzo nyingi. Hii ndiyo sababu misikiti ya kale ya pwani imejaa nguzo, na katika mingine safu moja ya nguzo hupita katikati kabisa, hata nguzo ya mbele ikasimama mkabala wa mihrabu. Mgeni huweza kudhani kwamba mjenzi alikosea, kumbe alikuwa akifuata urefu wa boriti.

Huko Kilwa Kisiwani mafundi walitafuta njia nyingine. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa katika karne ya 11, na mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliuongeza sana kwa upande wa kusini. Sehemu hiyo ilipoanguka ilijengwa upya katika karne ya 15, na dari yake ikafanywa kwa kuba na matao ya mawe badala ya boriti. Hapakuwa na msikiti wa kale wenye dari ulioupita kwa ukubwa katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1505 Wareno walizishambulia Kilwa na Mombasa, na mji wa Kilwa haukurudia tena utajiri wake wa kwanza. Tangu mwaka 1981 magofu yake yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

MNARA NA UWANJA

Watu wengi hufikiri kwamba msikiti usio na mnara si kamili. Sivyo. Mnara ni mahali pa kuadhinia tu, na misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa nao, maana mwadhini alipanda juu ya dari kwa ngazi, au alisimama mlangoni. Mnara wa kale unaojulikana sana Mombasa ni ule wa Msikiti wa Mandhry katika Mji wa Kale. Msikiti huo hukadiriwa kuwa wa karibu mwaka 1570, na mnara wake mweupe ni mnene chini na mwembamba juu. Huko Shela, kisiwani Lamu, upo mnara wa mwaka 1829.

Katika Afrika ya Kaskazini, kinyume chake, mnara ndio huonekana kwanza. Msikiti Mkuu wa Kairouan, Tunisia, ulianzishwa mwaka 670 ukajengwa upya mwaka 836. Mnara wake ni wa pembe nne, wenye orofa tatu, na urefu wake ni kadiri ya meta 31. Mnara wa pembe nne umekuwa desturi ya nchi zile mpaka leo. Msikiti wa Hassan II katika mji wa Casablanca, Moroko, uliofunguliwa mwaka 1993, una mnara wa zaidi ya meta 200, nao huweza kuchukua watu 25,000 ndani na wengine 80,000 katika viwanja vyake. Msikiti Mkuu wa Algiers, uliozinduliwa rasmi mwaka 2024, una mnara wa meta 265, nao pia ni wa pembe nne.

Tofauti nyingine ni uwanja. Kairouan ina uwanja mkubwa ulio wazi mbele ya ukumbi wa sala, uliosakafiwa kwa namna ambayo mvua inyeshayo hutiririka katikati na kuingia katika matangi yaliyo chini ya ardhi. Nchi ile ina ukame, na watu wake hawakutaka kupoteza hata tone. Misikiti ya pwani ya Afrika ya Mashariki kwa kawaida haina uwanja wa namna hiyo. Mvua za masika ni kubwa na jua ni kali, kwa hiyo watu walipendelea vyumba vya ubavuni na baraza yenye kivuli. Hata hivyo jambo la asili ni moja katika pande zote mbili za Afrika: aliyejenga msikiti alifikiri kwanza maji yatatoka wapi.

MAJI NA UHAI WA MJI

Mwislamu hutawadha kabla ya sala, na sala ni tano kila siku. Basi msikiti hauwezi kuwapo pasipo maji ya kutosha. Katika magofu ya Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, ambayo mtu wa Bombolulu huweza kwenda kuyaona na kurudi siku ile ile, ipo misikiti minne ya mji uliostawi katika karne ya 14. Msikiti mmoja umesimama karibu na bahari. Birika lake la kutawadhia lingalipo, na kando yake mna mawe ya matumbawe ya kusugulia miguu.

Huko Gedi, kadiri ya kilomita 100 kaskazini ya Mombasa, kisima kilicho karibu na Msikiti Mkuu kina dalili kwamba kilichimbwa zaidi baada ya muda. Mji huo ulihamwa na watu wake, na mojawapo ya sababu zinazotajwa na wataalamu ni kwamba maji ya visima yalishuka. Magofu ya Gedi yalitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na wageni wengi huja kuyastaajabia. Yafaa watu wa pwani watazame visima vile kwa makini zaidi kuliko kuta, kwa kuwa mji ulikuwa na majumba ya mawe, vyoo na barabara, na bado watu waliuacha.

Katika mitaa ya Kisauni maji ya mfereji hukatika mara kwa mara, na watu hutegemea visima. Kisima cha msikiti huwafaa majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu, wala si desturi kumwuliza mwenye ndoo dini yake. Lakini mwamba wa matumbawe una matundu mengi, na uchafu wa choo hupenya humo kwa urahisi ukafika kisimani. Wanaojenga msikiti au nyumba mpya hawana budi kukitenga kisima mbali na mashimo ya vyoo, kukijengea ukingo na kukifunika. Maji ya kunywa yachemshwe, hata kama yaonekana safi.

KAZI NYINGINE ZA MSIKITI

Misikiti ya mji si ya daraja moja. Upo msikiti wa mtaa, ambapo majirani husali sala za kila siku, na upo msikiti wa Ijumaa, ambapo mitaa mingi hukusanyika adhuhuri ya Ijumaa kusikiliza hotuba. Katika mkusanyiko huo habari za mji huenea: nani amefariki, nani ni mgonjwa, mwezi umeandama au haujaandama, na ni mkutano gani utafanywa.

Msikiti ni shule pia. Kandokando yake hukaa chuo cha watoto, na baada ya sala ya alasiri au magharibi watu wazima hukaa darasani mbele ya sheikh. Mwishoni mwa karne ya 19 Habib Swaleh, aliyezaliwa katika visiwa vya Ngazija, alianzisha huko Lamu Msikiti wa Riyadha na mafunzo yake. Aliwafundisha hata watoto wa watu wanyonge waliokuwa hawapati elimu hiyo, jambo ambalo halikuwapendeza baadhi ya wakubwa wa mji. Wanafunzi wa Riyadha walitawanyika pwani nzima, na Maulidi ya Lamu hukusanya watu wengi kila mwaka. Mombasa nayo ilikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi tangu mwaka 1891 mpaka 1947. Alisomesha watu, akatoa magazeti ya Kiswahili yaliyoitwa Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, kisha akawa Kadhi Mkuu wa Kenya.

Ndoa hufungwa msikitini. Ugomvi wa majirani au wa mume na mke aghalabu hupelekwa kwanza kwa imamu na wazee, na mambo yakishindikana ndipo huenda kwa kadhi. Mtu akifa, jeneza hutolewa msikitini, maana kila mtaa huwa na jeneza lake la shirika, linalomchukua tajiri na maskini. Mwezi wa Ramadhani futari huandikwa barazani, na msafiri asiye na jamaa hukaribishwa kula. Katika misikiti mipya mingi hutengwa sehemu ya wanawake yenye mlango wake, nao huwa na madarasa yao.

WAKFU: MALI ISIYOUZWA

Mafuta ya taa zamani, umeme siku hizi, mishahara ya imamu na mwadhini, majamvi, chokaa na matengenezo ya kisima, vyote vyataka fedha. Sadaka ya Ijumaa peke yake haitoshi. Ndiyo maana watu wa kale walifanya wakfu. Mtu mwenye shamba la minazi au nyumba huitenga kwa ajili ya msikiti, na tangu siku hiyo mali haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi. Yanayotumika ni mapato yake tu. Kwa mfano, mtu akiweka wakfu nyumba ya vyumba sita, kodi ya vyumba hivyo ndiyo itakayoutunza msikiti miaka na miaka baada ya yeye kufa, na msimamizi, aitwaye mutawali, atatoa hesabu yake.

Serikali ya wakati wa ukoloni ilitunga sheria ya wakfu mwaka 1900, na tena ile ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, ili mali hizo ziangaliwe. Lakini sheria haiwezi kulinda kitu kisichojulikana. Zamani wakfu nyingi zilifanywa kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili watatu. Mashahidi wakafa, wajukuu wakaja, na mmoja wao akasema shamba ni la babu yake. Pengine alisema hivyo kwa kutojua, pengine kwa tamaa.

Pwani ina funzo chungu katika mambo ya ardhi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba wa pwani wapeleke madai yao yaandikwe. Wengi hawakuarifiwa vizuri, au hawakuwa na karatasi, au hawakuona sababu ya kudai kitu ambacho kila jirani alijua ni chao. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali, na taabu ya watu kukaa katika ardhi wasiyo na hati yake ingali inaonekana katika mitaa ya Kisauni na Likoni. Sasa kiwanja kilichokuwa cha minazi kinatakiwa kwa majumba ya ghorofa, na bei yake imepanda sana. Kila shamba la wakfu lisiloandikwa limo katika hatari ile ile.

MAMBO YANAYOPASA KUFANYWA

Kamati ya msikiti yafaa ianze kwa karatasi. Iandike kila mali ya wakfu, mipaka yake, jina la aliyeitoa na mashahidi waliopo, kisha iisajili kwa wanaohusika na wakfu, na nakala ihifadhiwe mahali pawili. Wazee waulizwe wangali hai. Hesabu ya kodi na matumizi isomwe mbele ya jamaa walau mara moja kwa mwaka, maana mutawali mwaminifu hapotezi kitu kwa kusomewa hesabu, naye hupata kinga dhidi ya masingizio.

La pili ni jengo. Msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe usipigwe lipu ya saruji. Saruji huziba unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikakusanyika, jiwe likaoza polepole na lipu kubanduka. Chokaa ndiyo dawa yake, na mafundi wanaoijua wangali wapo Lamu na Mombasa. Miche ya mikuyu inayoota juu ya dari ing'olewe ingali midogo, kwa sababu mizizi yake hupasua ukuta. Mahali boriti zimeoza zibadilishwe mapema, kabla dari haijawaangukia watu.

La tatu ni vijana. Kijana aliyefundishwa na fundi mzee kuchoma chokaa na kuchonga tao ana kazi ya kumpa riziki, kwa kuwa majumba ya kale ni mengi na mafundi wamepungua. Kamati inapotengeneza msikiti wake yafaa imwajiri fundi pamoja na wanafunzi wawili wa mtaa ule ule, ili matengenezo yajayo yasitegemee mtu wa mbali.